Shina la Saba, Mstari wa Nne

Ijumaa, 5 Februari 1954

Daftari hili ni la mihogo. Kurasa ishirini za mwanzo ni mwandiko wa mume wangu Sadalla, namba za mashina yake na tarehe za mvua. Zilizobaki nimezichukua mimi, kwa kuwa yeye tumemzika Jumanne na mimi nimewekwa chumbani. Homa ya siku tatu tu, basi.

Ilipotakiwa bafta ya sanda, wakachukua jora langu, lile nililokuwa nikishonea vifuko vya maua ya muhogo. Lilitosha, na kipande kikabaki. Kipo juu ya kabati na sijui nikifanyie nini.

Nina dirisha moja linaloona kona ya shamba, mlango wa kuingilia ndani ya nyumba, na mlango wa kutokea kwenye kiua cha kuogea chenye ukuta mrefu. Mwisho wa mtaa wa Chumbageni ndio hapa, na mwisho wangu mimi ni ule ukuta. Eda ni miezi minne na siku kumi. Wifi yangu Aliya amenihesabia kwa vidole: natoka tarehe 10 Juni. Nisitie wanja, nisijifukize udi, nisionwe na mwanamume asiye maharimu yangu, hata shemeji yangu Taimur mwenye nyumba. Hilo la Taimur silisikitikii.

Jumanne, 9 Februari

Joto. Nimemalizia vifuko vinne nilivyokuwa nimevikata kabla ya msiba. Havina kazi.

Jumapili, 14 Februari

Bibi Mwatumu ndiye anayekaa nami. Ni dada wa mama yake Sadalla, Mdigo wa upande wa Horohoro. Baba wa nyumba hii, Mwarabu wa watu, alioa kwanza binti wa ami yake, akazaliwa Taimur na Aliya. Kisha akamwoa dada yake Mwatumu, akazaliwa Sadalla. Taimur akitaja ukoo wao anaanza Omani na kushuka mpaka kwake, halafu anakohoa. Humo kwenye kukohoa ndimo alimokuwa Sadalla.

Na huyu bibi, mama mdogo wa marehemu, Aliya anamtuma kuteka maji.

Leo aliniuliza, "Mkamwana, hebu nambia. Hii mihogo mwanangu aliyokuwa akiifunga vitambaa, alikuwa akiifanyia dawa?"

Nikamweleza. Muhogo wa pwani miaka hii unaugua: majani mazuri, ukichimba na kukata, ndani una madoa ya kahawia, mkavu, hauliki hata na nguruwe. Kule mpakani mwa shamba ipo ile miti ya mpira iliyoachwa na Wajerumani. Haina cha kula, lakini haiugui. Watu wa kituo cha utafiti kule milimani wanachukua unga wa ua la mpira, wanautia kwenye ua la muhogo.

"Kwani ni ndugu hao?"

"Ndugu wa mbali, bibi. Mmoja alibaki porini, mmoja akaingia jikoni."

Mwana wao wa kwanza alitoka mzima wa afya na mizizi kama kamba. Wakamrudisha kwa muhogo, akapatikana mjukuu, ana nyama kidogo, mchungu. Wakarudisha tena, wakapata vitukuu. Kule milimani ugonjwa ni hafifu, hauwezi kuwapima, ndiyo maana vitukuu kumi na wawili wakaletwa kwa Sadalla, wapandwe mstari wa nne katikati ya mihogo inayoumwa. Ndugu wa tumbo moja hawafanani: kumi na mmoja wameoza. Wa saba, Desemba, Sadalla alimfukua ubavuni akakata mzizi mmoja, mweupe mpaka katikati. Alinipikia mwenyewe. Ulikuwa mtamu.

"Na vile vitambaa?"

"Ua linafungwa kabla halijafunguka, nyuki asije akaleta unga wa mwingine. Mtoto akipatikana ajulikane baba yake ni nani."

Mwatumu akanitazama kuanzia kichwani, na kaniki yangu, mpaka miguuni.

"Basi ua nalo linakaa eda," akasema.

Nilicheka mpaka Aliya akaja kugonga mlango. Mjane wa siku kumi na tatu anacheka.

Jumapili, 21 Februari

Aliya aliingia kunikagua, akalalamika kwamba sokoni hakuna muhogo mzima. Nikajisifu. Nilisema, "Mstari wa nne, shina la saba, hilo haliozi. Sadalla alilipata." Nilitaka mtu mmoja katika nyumba hii ajue kwamba hakuwa akicheza.

"Kweli?" akasema, na nilipenda alivyosema.

Jumatano, 3 Machi

Mawingu upande wa bahari. Hayakunyesha.

Jumamosi, 13 Machi

Leo ni arubaini ya Sadalla. Yaliyotokea, kosa ni langu.

Tangu asubuhi nilisikia vinu na masufuria uani kwao. Watu wametoka Pangani, wametoka Mtang'ata, khitma kubwa, Taimur hakubania. Saa tano nikasikia harufu ya muhogo wa nazi. Nikajiambia wamebahatika sokoni. Akaniletea Aliya mwenyewe sahani, amefurahi, jasho linamtiririka.

"Kula, wifi. Nimesema khitma ya ndugu yangu haiwekwi muhogo wa madoa. Kilicho bora cha marehemu kiende kwa marehemu."

Kipande kilikuwa cheupe mpaka katikati.

Sikuweza kumgombeza. Ningesema nini? Hivyo ndivyo tulivyolelewa: siku ya maiti wako unatoa kilicho bora, hujiwekei. Aliya alikwenda na wanawake wawili na jembe moja kwa moja mpaka shina la saba, kwa sababu mimi nilimwelekeza. Alifanya kwa mapenzi. Na nilikula, Mungu anisamehe, kwa kuwa alisimama pale akinitazama.

Alipotoka nikamshika Mwatumu mkono. "Miti yake iko wapi? Mizizi waache wale, muhogo haupandwi mizizi. Miti, bibi."

Akatoka, akakawia sana. Nilisimama kwenye kizingiti cha mlango na kidole cha mguu kimoja kiko nje, nikakirudisha. Maji ya moto, vicheko, Yasini inasomwa barazani, na mimi nimesimama nasubiri vijiti vya muhogo.

Akarudi na miti mitatu chini ya kanga, mmoja umeungua ncha. "Walitaka kuikokea moto. Mibichi, imewatoa machozi, wakaitupa nyuma ya jiko." Kwenye mmoja waya ulikuwa bado umefungwa, na kibati cha namba nilichomwandikia Sadalla: 4/7.

Utomvu ulikuwa unatoka. Nimeikata pingili tisa kwa kisu cha kumenyea, nikazichomeka kwenye kiua changu, pale maji yangu ya kuoga yanapopita. Mvua imeanza wakati nachomeka ya mwisho.

Jumapili, 14 Machi

Mvua. Mgeni mmoja wa jana tumbo linamwendesha. Alikula sahani nne, nilimsikia mwenyewe akiomba ya tano.

Jumamosi, 20 Machi

Tumbo la mgeni limekuwa maneno. Mji mzima unasema amelishwa mpira. Taimur alikuja mpaka nje ya mlango wangu, akazungumza na ubao.

"Shemeji, mimi nilimwachia marehemu upuuzi wake kwa ajili ya udugu. Sasa yametufika aibu. Muhogo na mpira si kufu, hata hayawani wanajua wa kwao. Asili haichanganywi."

Nikamjibu, "Marehemu mwenyewe alikuwa mchanganyiko, shemeji, na ulimwita ndugu."

Akakohoa.

Adhuhuri niliwaona dirishani, wafyekaji watatu, wakaanza mstari wa kwanza. Waling'oa mpaka vibati. Walipofika wa nne nikafunga dirisha, halafu nikalifungua, kwa kuwa mtu anayeona ni bora kuliko anayesikia. Saa kumi shamba lilikuwa tope tupu. Yaliyobaki ya miaka minne ya Sadalla ni pingili tisa kwenye choo cha mjane.

Ijumaa, 2 Aprili

Saba zimechipua. Mbili zimeoza. Mvua.

Jumanne, 6 Aprili

Mvua. Ukuta wa kiua umeota ukungu, na godoro linanuka. Namchukia Aliya anavyovuta kandambili ukumbini.

Jumatatu, 12 Aprili

Mvua. Nimehesabu mabanzi ya dari: arobaini na moja. Jana yalikuwa arobaini na mbili.

Jumanne, 27 Aprili

Noa amekuja. Ni karani wa kituo kile cha milimani, Mbondei wa Muheza, Mkristo mpole, ndiye aliyemfundisha Sadalla kufunga maua. Barabara ilikatika wiki tatu. Alisikia habari za msiba akiwa njiani na habari za shamba akiwa mlangoni. Taimur alimpa kahawa na kumwambia hana kazi tena hapa.

Akaomba kunipa pole. Aliya akamleta ukumbini, akasimama katikati yake na pazia la mlango wangu, mikono kiunoni.

"Shikamoo, mama," alisema Noa, nami ni mdogo wake. "Pole sana. Sadalla aliniandikia Desemba juu ya wa saba. Nilikuwa nije Machi kuchukua miti yake. Kule kwetu ndugu zake wapo, lakini huyo alikuwa mmoja tu. Kila mbegu ni mtu wake. Akifa, hatuwezi kumzaa tena."

Hatua tatu kutoka alipokuwa amesimama, nyuma ya ukuta mmoja, mashina saba yalikuwa yamefika gotini. Nami siwezi kusema, kwa kuwa Aliya ana masikio na Taimur ana wafyekaji.

Nikasema, "Vipo vifuko vya kazi vya marehemu. Bibi atakuletea." Nikakaa kitandani, nikavikunja vyote vinne, na ndani ya kimoja nikaweka karatasi: *Wa saba yu hai. Anakaa eda nami. Tunatoka tarehe 10 Juni.*

Mwatumu amekwenda navyo akarudi. Anasema Noa alisoma karatasi barabarani, akavua kofia, akasimama kwenye mvua hivyo hivyo.

Jumanne, 4 Mei

Ramadhani ya kwanza. Aliya ameingia kiuani kwangu mara ya kwanza tangu mvua zianze, akaona majani. "Kumbe una kisamvu, na mimi nahangaika!" Akachuma konzi mbili za futari.

Alhamisi, 6 Mei

Amechuma tena.

Jumamosi, 8 Mei

Amechuma tena. Ninapomwona anavunja ncha nauma ulimi. Nikimkataza ataniuliza kwa nini.

Jumatano, 19 Mei

Leo aliuliza. Alikuwa ameshika jani, analigeuza.

"Wifi, hili jani si la kwetu. Pana. Hii ni ile ya Sadalla."

Sikusema uongo, nimefunga. "Ndiyo," nikamwambia. "Ndiyo ile uliyoipika."

Alikaa kwenye ukingo wa birika la kuogea. Alisema, "Tangu kaka anirudishe hapa kutoka kwa mume, mwaka wa tisa huu, sijala muhogo kama ule." Nilidhani amelainika. Kumbe jioni kamweleza Taimur, kwa kuwa Taimur anamuuliza kila kitu na yeye hana pa kwenda asipomjibu.

Taimur akaja kwenye mlango baada ya tarawehe. "Shemeji, ndani humo siingii, sheria naijua. Lakini siku ukitoka eda, kile kiua ni changu, na nitakisafisha mwenyewe. Sitaki mbegu ile kwenye mji wangu."

Ametaja siku, na ni siku yangu. Miezi mitatu nimeihesabu tarehe 10 kama mfungwa. Leo nimeng'amua kwamba mlango uliofungwa ndio uliokuwa unawalinda. Nikitoka mimi, wanakufa wao. Nikitaka wakae, nikae. Hata hivyo huwezi kuomba eda iongezwe, na nimelia kwa hasira, kwa sababu nilikuwa tayari kuiomba.

Jumatatu, 24 Mei

Ndugu yangu Idarusi ameleta salamu kutoka Usagara. Chumba changu kwake kiko tayari. Na mtu mmoja, mgane mwenye duka, ameshauliza habari zangu. Chumba kwa chumba.

Alhamisi, 3 Juni

Idi. Takbira kwenye dirisha, harufu ya watu wengine.

Jumapili, 6 Juni

Mwatumu alikuwa akinipangia shughuli ya kutolewa eda: nani ataniosha, nani ataleta kanga mpya. Akanung'unika, "Na mie nitapata kile kikaniki chako na mkeka uliopasuka. Mwenzangu mmoja alipata kitanda."

Nilikuwa nimesahau. Desturi ya kwetu, alichokitumia mjane edani hakibaki nyumbani: kaniki, mkeka, mto, kata ya kuogea, vyote anapewa mwanamke aliyemtumikia, avitoe siku ile ile kabla ya jua kuchwa. Hakuna anayevigusa isipokuwa yeye. Ni nuksi.

"Bibi," nikasema, "mkeka wangu utakuwa mzito kidogo."

Jumatano, 9 Juni

Nimekata asubuhi, wakati wa kuoga, maji yakimwagika ili kisu kisisikike. Mashina sita. Miti ni michanga, Sadalla angekasirika, alikuwa akitaka ya miezi minane. Lakini mvua bado ipo na Mwatumu anasema muhogo haujui kususa udongo. Pingili kumi na moja, nimezifunga kwa kaniki iliyolowa, nikazikunjia ndani ya mkeka. La saba nimeliacha limesimama pale pale na majani yake yote, Taimur asije akakosa cha kung'oa.

Alhamisi, 10 Juni

Waliniosha kabla ya saa nne. Maji saba, kanga mpya, wanja baada ya siku mia moja na ishirini na tisa. Nilitoka ukumbini na mwanga ukaniuma macho.

Taimur alikuwa amekaa barazani na panga karibu na mguu, anasubiri wanawake watoke kiuani. Mwatumu akatokea nyuma yangu, kata mkononi, mto kichwani, mkeka kwapani. Amepinda upande mmoja.

"Mkeka gani huo unaokupinda?" akauliza Taimur, akanyanyuka.

Nilikuwa nimepanga kila kitu, isipokuwa kwamba bibi ana miaka sitini na mitano na mkeka uliolowa ni mzito. Taimur alinyoosha mkono. Ulifika mpaka kwenye ukindu.

"Kaka," alisema Aliya. Alikuwa mlangoni, na sauti yake sijapata kuisikia vile. "Hivyo ni vya eda. Ukitia mkono wako humo, mwaka hauishi mkeo hajakaa chumba kile. Unataka?"

Mkono ukarudi.

Aliya akashuka ngazi, akaushika mkeka kwa chini, akamwekea Mwatumu vizuri begani. Aliugusa kwa mikono yote miwili, yeye ambaye miezi minne hakugusa hata nguo yangu. Alijua uzito ule ni wa nini. Alimsindikiza mpaka njiani, na aliponipita akasema, chini chini, "Ukizaa, unikumbuke kwa fungu moja."

Tuliondoka, bibi na mkeka kwenda kwao Horohoro, mimi kwa Idarusi. Nyuma yetu nilisikia panga, mara moja tu. Shina moja halihitaji zaidi.

Jumamosi, 19 Juni. Usagara

Chumba cha Idarusi kina madirisha mawili. Yote yanatazama ukuta wa jirani.

Jumapili, 4 Julai

Mwatumu amekuja kwa basi la asubuhi. Nilimpa shikamoo kabla hajashuka kwenye ngazi, akacheka. Akafungua pindo la kanga, akatoa jani moja pana.

"Nane zimeota."

"Na tatu?"

"Mbuzi."

Noa amefika kwake Horohoro mara mbili. Ameweka uzio wa miiba, amefunga kibati. Lakini anataka kila wiki iandikwe: majani yamekuaje, yapi yamepata madoa, mvua kiasi gani, mpaka siku ya kuchimba. Akikosa maandishi, kituo hakitaupokea, utakuwa muhogo wa bibi fulani tu. "Nami kalamu siijui," alisema Mwatumu. "Nikamwambia mkamwana wangu ndiye aliyeandika vibati vyote vile."

Idarusi alikuwa akisikiliza. Ni ndugu mwema, kwa hiyo alisema kwa upole. "Kituo kitatafuta karani. Wewe mtu anakuja kukuona Ijumaa."

"Ijumaa sipo. Naondoka na bibi kesho."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Nilimtazama Mwatumu, na miguu yake yenye vumbi jekundu. Shamba ni lake, alilirithi kwa mama yake. "Mwenye shamba ameniita," nikasema.

Idarusi akasema tutazungumza kesho. Kesho basi linaondoka saa moja, naye anaamka saa mbili. Kile kipande cha bafta kilichobaki nimekishona vifuko vinne, nimevitia ndani ya daftari hili, na juu ya ukurasa unaofuata nimeandika kwa wino: *Mstari wa kwanza, shina la kwanza.*